Ukurasa wa Jumamosi

Jumatano asubuhi Bi Mkasi aliingia katika ukumbi wa sanaa wa chuo kikuu kwa mara ya kwanza maishani mwake, na aliingia kama mtu anayekagua chumba cha kupanga. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akaitazama dari, akauliza ni nani amefariki mpaka kuta zote zikapakwa rangi nyeupe namna hii, tena bila hata kiti kimoja cha mtu mzima kupumzisha nyonga. Binti yake, aliyekuwa mbele akimwongoza, alicheka kwa pua tu. Alikuwa amemzoea.

Hilo jina la Bi Mkasi alipewa na wateja, na wasiomjua hudhani ni kwa sababu ya ushonaji. Kweli alikuwa fundi cherehani, ana kibanda chake karibu na stendi, na gauni alilolishona yeye halikupata kukaa upande. Lakini mkasi wenyewe ulikuwa mdomoni. Bwana mmoja aliyetaka suruali ya kiuno cha ujana wake aliambiwa avue tumbo kwanza aliweke kwenye benchi, vipimo vichukuliwe vizuri. Aliondoka amenuna, na mwaka uliofuata akarudi, yeye na tumbo lake.

Binti huyu ndiye mtoto wake wa pekee, miaka thelathini na mmoja, mtaratibu mpaka anakera. Kazi yake hapo chuoni ilikuwa kutunza vitu vya maonyesho: kuvipokea, kuvifuta vumbi, kuviandikia vibao, kuvilinda na jua. Maonyesho ya safari hii yalihusu watu waliohama makwao, na yeye ndiye aliyeyapanga kuanzia msumari wa kwanza. Kulikuwa na viatu vilivyolika visigino, sufuria zisizo na mpini, funguo za nyumba ambazo hazipo tena. Kila siku kulikuwa na shughuli yake: leo mhadhara, kesho wanafunzi kuchora, keshokutwa filamu. Na Jumamosi, saa nne asubuhi, ilikuwa zamu ya Bi Mkasi mwenyewe kukaa mbele ya watu na kusimulia jinsi alivyovuka mpaka na mtoto mgongoni na cherehani ya mkono kichwani.

Hadithi hiyo aliijua kama anavyojua njia ya chooni. Amewasimulia majirani, wateja, hata wakwe. Kila mwaka iliongezeka chumvi kidogo, na hakuna aliyelalamika.

Ndipo binti akamfikisha katikati ya ukumbi, penye kabati la kioo peke yake, na ndani yake daftari kubwa la jalada jeusi, limefunguliwa.

Binti alisema kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake zawadi kwamba hili ndilo daftari la mapokezi la kituo kile cha mpakani, lile lile walilopitia wao. Ofisi ya kumbukumbu imewaazima kwa wiki tatu, kwa masharti. Mwanga unakula wino, kwa hiyo ukurasa hauruhusiwi kukaa wazi zaidi ya siku moja. Kila siku saa nne asubuhi kabati linafunguliwa, karatasi moja inageuzwa, na mtu anasoma kwa sauti mistari yote iliyo wazi, jina kwa jina, mbele ya wageni. Halafu linafungwa mpaka kesho.

"Nimehesabu karatasi, nikapanga siku," binti alisema. "Jumamosi ni tarehe yetu, mama. Mistari ya asubuhi kabisa, kama unavyosema siku zote. Lakini sijaisoma. Nilipokuwa nahesabu nilifunika kwa karatasi nyeupe. Nataka tuione pamoja, mimi na wewe."

Bi Mkasi alivaa miwani. Alisoma madarasa machache tu, lakini kusoma alijua, na mwandiko wa karani ulikuwa mzuri, wa kulala upande mmoja. Jina, umri, idadi ya watu, alama ya kidole gumba. Mwisho kabisa kulikuwa na safu ya maelezo, na sehemu kubwa ilikuwa tupu. Lakini mbele ya jina la mwanamke mmoja, katikati ya ukurasa, palikuwa na wino mwekundu: *Kadi imefutwa. Mtoto aliyepita naye si wake.*

Bi Mkasi aliyasoma mara mbili.

Binti alikuwa akieleza. Watu walikuwa wakiazimana watoto wachanga ili wapite foleni ya mbele, alisema. Profesa, mkuu wa ukumbi huu, ameliandikia jambo hilo makala nzima. Akamuuliza mama yake kama aliwahi kuwaona watu wa namna hiyo.

"Nani alikuwa na muda wa kukagua watoto wa watu," Bi Mkasi alijibu. "Mimi nilikuwa nakagua kivuli." Binti akacheka, wakatoka.

Sasa, ukweli ni huu, na Bi Mkasi hakuwahi kumwambia mtu hata mmoja. Siku sita alizotembea mpaka kufika kituoni, mgongoni hakuwa na mtoto. Alikuwa na miaka ishirini na minne, peke yake, na homa iliyomtetemesha meno. Kituoni wenye watoto wachanga walipitishwa mbele, kwenye mstari wao. Wasio nao walibaki juani siku mbili, tatu. Watu wa foleni si wajinga, wakabuni ya kwao. Mwenye mtoto anamwazima mwenzake aliye peke yake, mwenzake anapita, anapata kadi ya kuingilia kambini, anamrudisha mtoto kupitia kwenye uzio, na mama mwenye mtoto anapita naye kwa zamu yake. Mtoto mmoja aliweza kupitisha watu wanne kwa asubuhi moja.

Mwanamke aliyekuwa nyuma yake alimwona anavyotetemeka. Akamfungua mtoto mgongoni, wa kike, wa miezi minne, akampa. Pita wewe kwanza, alimwambia, mimi nitafuata. Akamwambia na jina la mtoto, ili akilia ambembeleze kwa jina lake.

Lakini siku ile utaratibu ulikuwa umebadilishwa na hakuna aliyewaambia. Waliopata kadi hawakurudi upande wa uzio. Walipandishwa moja kwa moja kwenye lori, na lori likaondoka kwenda kambi ya mbali, mwendo wa siku mbili. Bi Mkasi alipiga kelele? Alipiga. Si sana. Neno moja tu lingetosha, kwamba mtoto si wangu, na wangemshusha pale pale; na kadi yake wangeifuta, kama walivyomfutia yule wa wino mwekundu. Alilimeza neno hilo mpaka lori lilipovuka daraja, na baada ya daraja lilikuwa limeshachelewa.

Mtoto huyo ndiye huyu mwenye kuandika vibao.

Kwa hiyo usiku ule na kutwa ya Alhamisi kichwa cha Bi Mkasi kilikuwa na kitu kimoja tu. Yule mwanamke hakuweza kunyamaza. Lazima alilia kwa karani, na karani lazima alifungua daftari, akatafuta jina la aliyepita na mtoto, akaandika kwa wino mwekundu mbele yake. Na Jumamosi, mbele ya kadamnasi, binti yake ataweka kidole kwenye mstari huo na kuusoma kwa sauti ile ile nzuri.

Alhamisi alasiri alirudi ukumbini, amefunga kilemba, na ndani ya kilemba mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. Mlangoni alikuwepo mlinzi, mtu wa makamo mwenye masharubu, ambaye shati lake la sare lilikuwa limepoteza kifungo cha pili kutoka chini. Bi Mkasi alimwona mtu wake. Alimwambia kuwa chuo kikuu kizima kinapita mlangoni hapo kikitazama kitovu chake, na kwamba yeye sindano anatembea nayo. Avue tu, amkabidhi. Mlinzi alisema hawezi kuvua shati kazini, mama. Basi kavulie stoo, alisema Bi Mkasi, mimi nitakulindia, hizo sufuria mbovu nani ataziiba.

Akaenda. Bi Mkasi alitembea haraka kuliko alivyotembea mwaka mzima, akafika kwenye kabati, akapitisha vidole kwenye ukingo wa kioo. Kufuli mbili. Moja mbele, moja nyuma, ndogo, za chuma kigumu ambacho mkasi wa nyuzi usingekifanya lolote hata ukinolewa wiki nzima. Alijaribu kuinua kioo. Hakikutikisika.

"Unatafuta nini, mama?"

Binti alikuwa nyuma yake, na bilauri ya maji mkononi.

"Naangalia kama wino unaliwa kweli," Bi Mkasi alisema, pua bado iko kwenye kioo. "Naona bado umeshiba."

Binti alieleza kwa upole kwamba funguo ni mbili, mmoja anao yeye na mwingine anao Profesa, na kabati halifunguki mpaka wote wawili wawepo. Ni sharti la wenye daftari. Kisha akamshika bega, akamuuliza kama ana hofu ya Jumamosi. Akisema hataki kusimulia, hakuna atakayemlazimisha.

Hapo palikuwa na mlango wazi wa kutokea, na Bi Mkasi aliuona. Lakini yeye asiposimulia, ukurasa ungegeuzwa vile vile. Akapiga moyo konde.

"Nitasimulia," alisema. "Ila karatasi yangu nigeuze mwenyewe. Nisije nikageuziwa maisha yangu na watu wa mshahara."

Macho ya binti yalilowa. Alisema lingekuwa jambo zuri sana, jambo ambalo yeye mwenyewe hakulifikiria. Mlinzi alitoka stoo na fulana ya ndani, shati mkononi, akamkuta mkubwa wake wa kazi na mama yake wamekumbatiana, akarudi stoo.

Ijumaa binti alimfundisha, katika chumba cha nyuma, kwenye gazeti la zamani. Mikono inaoshwa, inakaushwa mpaka vidole viwe vikavu kabisa. Glavu hazitakiwi, kwa sababu vidole vikivishwa havihisi karatasi, na karatasi isiyohisiwa huchanika. Unaanzia kona ya juu, unaingiza kidole cha shahada chini yake, unaifuata mpaka katikati, unailaza. Bi Mkasi alisema hata daktari wa upasuaji hanawi hivi, lakini alifanya, na alifanya vizuri mara ya kwanza. Miaka yote hiyo alikuwa akitenganisha hariri na bitana yake kwa kugusa tu. Alijua kwa ncha ya kidole kama ameshika pande moja au mawili.

Na hilo ndilo lililompa njia. Jioni, kibandani, mteja mmoja akiwa anasubiri sketi yake, Bi Mkasi alichukua kitabu cha vipimo akaanza kugeuza karatasi mbili kwa pamoja, kona na kona, bila kuonyesha. Mteja aliuliza anatafuta vipimo vya nani. Natafuta vya kwako, alimjibu, ila naona vimenenepa vimejificha. Aligeuza mara thelathini. Alipoirudia sketi, mtu aliyekaa hatua mbili kutoka kwake angeapa kuwa ni karatasi moja.

Hivyo Jumamosi ukurasa wao ungerukwa. Daftari lingefunguka kwenye kurasa zinazofuata, za tarehe ile ile, kwa kuwa siku ile watu walikuwa wengi. Jina lake lisingekuwepo. Watu wangesikitika, binti angesikitika, yeye angesema makarani wa siku zile walikuwa wazembe. Asubuhi ya Jumapili karatasi nyingine ingegeuzwa, na mwisho wa wiki tatu daftari lingerudi lilikotoka.

Jumamosi viti vililetwa, na vyote vikajaa. Wanafunzi walikaa chini. Profesa, mtu mrefu mwenye suti iliyomkaa vibaya mabegani (Bi Mkasi aliona tangu mlangoni), aliongea kwa muda ambao fundi mwenye haraka angekata, angeshona na kupiga pasi. Kisha Bi Mkasi akapewa kipaza sauti.

Alisimulia. Alisimulia yote: siku sita, cherehani kichwani, mtoto mgongoni, jinsi alivyomtishia askari mmoja kwamba cherehani ni bomu la kushonea midomo. Watu walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Binti alikuwa amekaa mbele kabisa, mikono amefumbata magotini, akisema kwa midomo bila sauti yale maneno aliyoyajua kwa moyo. Jasho jembamba lilimshuka Bi Mkasi mgongoni, hasa pale mgongoni ambapo alikuwa anasema mtoto alikaa.

Profesa alitoa ufunguo wake, binti wa kwake. Kioo kikainuliwa. Bi Mkasi alinawa kwenye bakuli, akajikausha kidole kimoja kimoja. Alishusha mtandio wake begani ukafunika upande wa binti. Kona ya juu. Karatasi ilikuwa nene, kavu kama jani la mgomba lililokauka. Akahisi moja. Akasukuma kidole chini zaidi, akahisi ya pili ikiachana na ya tatu kwa mlio mdogo ambao yeye alidhani umesikika mpaka barabarani.

Hakuna aliyesikia. Akageuza, akalaza. Watu walipiga makofi.

Binti alisogea karibu. Aliangalia tarehe juu ya ukurasa, akatikisa kichwa kuridhika, akaanza kusoma kama kawaida ya ukumbi ule, bila kuruka. Jina, umri, watu wangapi. Mwanamume, arobaini, watu watano. Mwanamke, sitini na tatu, mmoja. Penye maelezo aliyasoma, na baada ya maelezo aliongeza maneno ambayo ameyazoea: hatujui kama kesi yake ilikwisha, hatujui kama aliwaona tena. Bi Mkasi alikuwa amekaa sasa. Alihesabu mistari. Kwa kila jina ambalo si lake pumzi ilimrudi kidogo.

Mstari wa tisa binti alisoma jina la mwanamke. Jina fupi, la kawaida, la kuitwa watu watatu katika mtaa mmoja.

"Miaka ishirini na miwili," alisoma. "Peke yake. Maelezo: anasema mtoto wake wa kike, wa miezi minne, amepita mbele na mwanamke mwingine. Alimpa amshikie kwa kuwa alikuwa mgonjwa. Ameambiwa asubiri."

Ukumbini mtu mmoja alivuta pumzi. Binti aliweka kidole juu ya kioo cha pembeni.

"Hatujui kama alimpata," alisema, akaendelea na mstari wa kumi.

Kwa mawazo, Bi Mkasi alikuwa amesimama tena kwenye jua lile la foleni. Karani hakumwandika yeye. Karani aliandika alichoambiwa, mbele ya jina la aliyekuwa analia mbele yake, huko nyuma ya foleni ambako mwanamke asiye na mtoto alirudishwa kusubiri pamoja na wasio na watoto. Kwa hila zake zote, kwa vidole vyake vyote hodari, ukurasa huo ameufungua yeye. Na jina lake amelisikia leo. Miaka yote hiyo alimwita *yule*.

Mstari wa kumi ulikwisha. Wa kumi na moja ukakwisha. Hakuna aliyeshtuka, hakuna aliyegeuka. Binti hakujua. Akinyamaza mistari kumi mingine, basi. Wangekunywa maji na juisi, wangepiga picha, wangerudi nyumbani. Alichotakiwa kufanya ni kukaa tu, kitu ambacho hata kiti kinaweza.

*Ameambiwa asubiri.* Asubiri mpaka lini, na nani aliyemwambia imetosha?

Mstari wa kumi na mbili binti alikuwa amefika kwenye umri.

"Hakumpata," Bi Mkasi alisema.

Alisema bila kipaza sauti, na binti alidhani amekosea kusoma. Akainua uso.

"Samahani, mama?"

"Yule wa mtoto. Umesema hamjui kama alimpata. Hakumpata." Akanyoosha kidole kwenye kabati. "Nimegeuza karatasi mbili. Rudisha moja."

Profesa alianza kusema kitu kuhusu utaratibu. Binti hakumtazama. Alikausha vidole kwenye sketi yake, jambo ambalo angemfokea mtu mwingine kulifanya, akarudisha karatasi moja. Jina la Bi Mkasi lilikuwa la nne kutoka juu. Miaka ishirini na minne. Watu: wawili. Safu ya maelezo ilikuwa tupu, haina hata nukta. Laiti angegeuza moja kama alivyofundishwa, wangesoma, wangepiga makofi, na wasingejua kitu mpaka kesho, ambapo mwanamke mwingine angesomwa mbele ya watu wengine.

Binti alisoma mstari wa mama yake kimya. Akageuza tena, akasoma ule wa tisa, kimya vile vile. Akarudi. Watu waliokuwa mbele waliona midomo yake ikihesabu: miezi minne, tarehe, mwaka. Hakulia. Alilifunika daftari kwa karatasi nyeupe, akashusha kioo, akazungusha ufunguo wake, akamnyooshea Profesa mkono mpaka naye akazungusha wa kwake. Aliwaambia wageni kwamba usomaji wa leo unaishia hapo na ukumbi utakuwa wazi mpaka saa kumi na moja. Kisha akamshika mama yake kiwiko, akampeleka chumba cha nyuma.

Humo mlikuwa na makasha ya mbao na meza moja. Bi Mkasi alivua viatu kwa sababu miguu ilikuwa imemvimba, akavisukuma chini ya kiti. Binti alikaa upande wa pili, akachukua karatasi na penseli. Kalamu za wino haziruhusiwi chumba hicho.

"Anzia kwenye foleni," alisema.

Bi Mkasi alianza. Alianza na ule utani wa askari na bomu la kushonea midomo, kwa mazoea, na akaona penseli imesimama hewani ikingoja utani upite. Akaacha. Akaanza tena, na safari hii ilikuwa ngumu kama kutembea bila fimbo. Alieleza homa. Alieleza uzio, lori, kelele ambazo hazikuwa kelele za kutosha, daraja.

Binti aliuliza yule mwanamke alikuwaje. Mfupi kuliko mimi, alisema Bi Mkasi. Mtu wa kuzungumza huku anafunga na kufungua fundo la kitambaa cha mgongoni. Nikimwona leo nitamjua, hata akiwa mzee.

"Na jina langu?"

"Alilokupa yeye. Hilo sikuligusa."

Penseli iliandika. Nje, mlinzi alisikika akiwaomba watu wasiguse sufuria.

"Hawakuwahi kumtafuta mtoto?" binti aliuliza. "Huko kambini. Hawakutangaza?"

Jambo hilo halikuwepo kwenye daftari lolote. Waliolisikia wametawanyika, wengi wamekufa. Angesema hapana, na hapana ingebaki hapana mpaka anazikwa. Binti alikuwa anamtazama, si kwa hasira wala kwa huruma, kama anavyotazama kitu kilicholetwa ukumbini ambacho bado hakijaandikiwa kibao.

"Walitangaza," alisema. "Mwaka wa pili. Kwa kipaza sauti, wanapita na gari. Mwenye mtoto wa mtu afike ofisini, asiogope. Mara tatu nilisikia. Nilikuwa nashona."

"Ukishona nini?"

"Mapazia. Ya ofisi hiyo hiyo. Niliyapeleka mwenyewe, wewe mgongoni, nikayatundika. Yule bwana wa ofisi akakushika shavu, akasema una mtoto mzuri. Nikasema asante."

Penseli ilisimama. Bi Mkasi alingoja lolote: kofi, mlango, kilio. Binti aliinamisha kichwa, na kwa kitambo kirefu kilionekana kichwa tu, na njia nyeupe ya nywele katikati. Kisha akaandika. Akaandika *mapazia*. Akaandika mwaka wa pili, mara tatu.

"Kama walitangaza, kuna aliyewaomba watangaze," alisema, akiweka penseli chini. "Na kama aliomba, aliandikwa mahali. Ofisi ile ilikuwa na daftari lake, na madaftari yote ya kambi yako ofisi ya kumbukumbu."

Aliangalia saa ya ukutani. Saa tano na nusu. Ofisi ya kumbukumbu, Jumamosi, hufungwa saa saba.

"Mimi ninalo jina," alisema. "Lakini sura yake unaijua wewe tu. Vaa viatu."

Bi Mkasi aliinama akavitafuta chini ya kiti kwa mkono. Alivaa cha kushoto mguu wa kulia, akavua, akaanza tena. Binti alikuwa ameshafika mlangoni, mkoba begani, anasubiri.